Pazia la Ujiji

Nyie mnaoishika studio sasa mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, mkanionya nisianze na "enzi zetu". Haya. Nitaanza na ndoo ya gundi.

Siku yangu ya kwanza Fundi Rajabu hakunionyesha kamera. Alinipa ndoo na mwiko, akanielekeza jiko la mkaa lililokuwa uani, akasema nikoroge uji wa wanga uwe mwepesi wa kumiminika na mzito wa kushika kidole. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa gauni jipya, maana nyumbani niliaga kwamba nimepata kazi studio na mama akajua nitakaa nyuma ya meza. Ilikuwa mwanzomwanzo wa enzi za ruksa, biashara binafsi zimeanza kuruhusiwa. Studio ilikuwa palepale Temeke mnapoijua, mtaa wa pili kutoka sokoni: chumba cha mbele cha kupigia picha, chumba cha giza cha kusafishia, na uani ambako kulikuwa na dunia nzima. Saa sita mchana gauni lilikuwa na wanga mpaka kwapani. Nilirudi nyumbani natembea kikakamavu kama askari wa gwaride.

Dunia yenyewe ilikuwa ya amerikani. Mapande matatu ya kitambaa cheupe yanashonwa pamoja, yanapakwa ule uji ili yasinywe rangi, yanakaushwa, yanapigwa msasa, ndipo Fundi anachora. Tuliyaita mapazia. Mteja akiingia anachagua pazia kama anavyochagua soda: Makka, Mlima Kilimanjaro, mnara wa Paris, ngazi za ndege, bustani yenye chemchemi na swala wawili waliofanana sana na mbuzi. Anasimama mbele, anashika maua ya plastiki au mkonga wa simu isiyo na waya, anapigwa, anaondoka. Watu wa Temeke wamefika mbali sana bila kuvuka hata njia panda ya Tazara.

Fundi Rajabu alikuwa mwembamba, kofia ya mkono kichwani, penseli sikioni, na hakuwahi kukosea. Nalisema hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelisema. Rangi ikichuruzika, wanga ulikuwa mwepesi, na wanga nimepika mie. Picha ikitoka na kiza, umeme ulikuwa mdogo. Picha ikitoka imekatwa kichwa, mteja alirefuka ghafla. Nilikaa naye miaka mingi nikingoja nimsikie anasema "hapa nimekosea", nikazoea kungoja.

Lakini kufundisha alijua. Alinifundisha kwamba miguu ya mteja isiguse mshono wa pazia chini, ukionekana safari imekwisha. Kwamba mtu aliyenuna usimwambie acheke, muulize amekula nini asubuhi. Kwamba mama mwenye mtoto mchanga apigwe wa kwanza hata kama foleni imefika barabarani, na atakayenung'unika akumbushwe kuwa naye alizaliwa. Film ilikuwa na picha thelathini na sita, hakuna kufuta, kwa hiyo unamtazama mtu vizuri kabla ya kumbonyezea. Hilo la kutazama ndilo nawausia, mengine mashine zenu zinayafanya.

Alichokuwa hanifundishi ni kile nilichokitaka zaidi. Mapazia yote aliyanakili kutoka kalenda na kadi za posta. Siku moja nilimuuliza, Fundi, huyu aliyepiga picha ya mnara wa Paris, nyuma yake kulikuwa na nini? Akanitazama. Akasema nyuma yake kulikuwa na msaidizi wake anapiga domo badala ya kupika wanga. Nikacheka, lakini swali halikuniacha. Kila mahali duniani tumeonyeshwa upande mmoja tu, ule aliouelekea mwenye kamera. Mie nikawa nataka kujua upande wa pili. Nikaanza kuwauliza wateja waliowahi kusafiri. Haji mmoja wa Tandika aliniambia alichokikumbuka zaidi Makka ni ubaridi wa marumaru chini ya nyayo, na jua limewaka vile. Baharia mmoja akaniambia ukiupa kisogo ule mnara wa Paris unakuta watu wametandaza vitambaa chini wanauza minara midogo midogo ya chuma, utadhani Kariakoo. Nilifurahi wiki nzima. Fundi aliniambia nina umbea wa miji. Wenzangu wana umbea wa watu.

Umbea huo mara ya kwanza ulitusaidia. Alikuja mwalimu mmoja Mchaga wa Moshi, akasimama mbele ya Kilimanjaro, nikamuuliza kama ndivyo ulivyo. Akageuka, akatazama, akasema kwa upole wa kialimu kwamba mlima ni mzuri ila Mawenzi imekaa kushoto, na kwao Moshi Mawenzi iko kulia. Huu tuliouchora, akasema, ni Kilimanjaro wanaouona majirani zetu wa Kenya. Kumbe kalenda yetu ilipigwa upande wa pili wa mpaka! Fundi akasema kalenda ndiyo iliyokosea. Jioni akalishusha pazia, akachora upya, na tangu siku hiyo Wachaga wakawa wanakuja mpaka kutoka Boko.

Sasa nifike kwenye Ujiji.

Pazia moja tu pale uani halikutoka kwenye kalenda. Baba yake Fundi alikuwa hamali bandarini, mtu aliyeshuka kwa treni kutoka bara akaoa Mzaramo wa Kimbiji, akafa Rajabu akiwa na miaka kumi na miwili. Upande wa mama ndugu walikuwa wa kumwaga. Msiba ukitokea Kimbiji nzima inahamia Temeke. Upande wa baba hakuja mtu hata mmoja, si msibani, si harusini. Baba alisema kwao Ujiji, basi. Alimwachia mtoto habari tatu za huko: kwamba dagaa wa kwao huvuliwa kwa taa, kwamba maji ya ziwa unayachota kwa kiganja ukanywa, na kwamba ukiamka alfajiri ukatoka nje, unaona ng'ambo ya ziwa kunawaka, na kwenu bado utusitusi.

Fundi akachora hiyo ya tatu. Mitumbwi imepangwa mchangani, mama mmoja ameinama anachota maji kwa kiganja, na mbele kabisa jua kubwa jekundu linachomoza kutoka ziwani, miale imefika mpaka juu kwenye ufito wa kuning'inizia. Chini akaandika kwa herufi za mviringo: ASUBUHI UJIJI. Sie wa pwani tumezaliwa tukilikuta jua linatoka majini, hakuna aliyeona ajabu. Lilikuwa pazia zuri kuliko yote. Watu wasioijua Ujiji hata kwa kuota walipigwa picha pale, na maharusi walilipenda kwa sababu ya miale yake. Fundi hakumwambia mteja kuwa ni kwao, ila akilining'iniza alikuwa anavua kofia.

Sikukuu ya Idd, mwaka wa saba au wa nane wa kazi yangu, foleni ilikuwa imetoka nje imepinda kona. Akaingia mama mmoja muuza mawese wa Mbagala, mtu wa Kigoma, yeye na wadogo zake wawili, wamevaa vitenge sare. Alipoona yale maandishi alipiga mikono akasema watapigwa hapo hapo. Mie hapo ningebonyeza tu, wangeondoka na furaha yao. Lakini mdomo wangu, jamani. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Dada, wewe wa huko. Hebu tuambie, Ujiji asubuhi ndivyo kulivyo?"

Akageuka akalitazama pazia. Akacheka, bila ubaya wowote.

"Limechorwa likachoreka, hakuna ubishi. Ila jua letu halitoki ziwani, mwenzangu. Linatokea nyuma huko, kwenye vilima, ziwani linakwenda kuzama jioni. Aliyechora hapa hajafika Ujiji, na aliyemsimulia naye hajafika."

Watu wa foleni wakacheka. Na palikuwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyemjua marehemu hamali, siwezi kumtaja maana wajukuu wake wapo, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie: "Mkataa kwao mtumwa." Kicheko kikaisha. Kwa aliyekulia pwani hiyo si methali tu, ni mtu anavuliwa nguo. Alikuwa anasema marehemu alificha kwao, akajichagulia mji wenye jina kama mtu anavyochagua kanzu ya kuazima.

Fundi alikuwa amesimama karibu na taa. Aliwaambia wale kina mama watazame juu ya bega langu na wasifumbe macho. Nikapiga. Kazi iliendelea mpaka magharibi, alipokea watu, aliwapa mikono ya Idd, aliwafuta watoto makamasi. Mteja wa mwisho alipotoka akafungua kamba, akalishusha pazia la Ujiji, akalikunja na kuliweka juu ya kabati la chumba cha giza. Halikuning'inizwa tena.

Nilimwomba radhi kesho yake. Akasema sijakosa, nimeuliza tu. Ilipita kama miezi miwili ndipo akazungumza, tukiwa chumba cha giza, kwenye ile taa nyekundu ambapo mtu hamwoni mwenzake vizuri.

"Tausi, mie nimechora neno kwa neno alivyonieleza. Sikuongeza, sikupunguza. Sasa kama jua haliko pale, na mie sikukosea, basi baba yangu alinidanganya."

Nikamwambia tuulize watu wengine. Nikamwambia nitapanda treni niende mwenyewe, nauli ninayo. Akakataa, tena kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake hata nilipochoma film ya harusi nzima. Akasema sasa hivi ana baba nusu. Nikienda nikarudi na jibu, huenda akabaki hana kabisa.

Mnaelewa uzito wake? Mtu huyu hakuwa na kaburi la babu, hakuwa na shangazi, hakuwa na jina la ukoo wa kutaja watu wakikaa barazani kutajana. Alikuwa na maneno matatu ya baba. Mdomo wangu ulimharibia moja, na likishaharibika moja yale mawili yanashikwa na nani? Nilibeba hilo kwa miaka. Nilikuwa nikiona mzigo wa mawese sokoni, nasikia aibu.

Kazi haingoji huzuni ya mtu. Zikaja film za rangi, tukaacha kusafisha wenyewe. Zikaja kamera za dijito, Fundi akasema ni za kupita. Zikaja simu, akasema hizo ndizo za kupita zaidi. Likaja lile pazia lenu tupu la kijani, mnamweka mtu Dubai kwa dakika mbili na kivuli chake kinabaki Temeke. Sisemi ni vibaya. Nasema tu mkague kivuli.

Macho ya Fundi yalianza kuondoka katikati ya hayo mabadiliko, na kwa kawaida yake hakusema. Alisema balbu za siku hizi hazina nguvu. Alisema watengeneza rangi wamekuwa matapeli, bluu yao inafanana na kijani. Siku alipompaka mteja poda kwenye kofia badala ya paji la uso, nilimshika mkono nikampeleka hospitali mwenyewe. Ilikuwa presha ya macho, imekula muda mrefu, na kilichokwisha hakirudi. Akaniachia studio, akahamia Chamazi kwa binti yake, Zainabu. Mwaka uliofuata alikuwa haoni hata taa.

Nami nimeshika pale mpaka magoti yalipoanza kunijibu vibaya kila nikiinama kuficha mshono. Mwaka huu nikawakabidhi funguo. Mlinifanyia sherehe nzuri, na keki mliyoandika jina langu ilikuwa tamu, nawashukuru. Mmoja wenu aliniuliza bibi sasa utakwenda wapi, nikacheka tu. Nina pa kwenda pengi mno. Panapo majaaliwa Makka, nikanyage yale marumaru. Nataka kwenda Rombo nikauone mlima kwa upande ambao Wachaga wa Moshi wenyewe hawauoni. Nataka kwenda Kitulo wakati wa maua, kwa sababu mteja mmoja wa Makete aliniapia kwamba ukilala chini hayaonekani kuwa maua, yanaonekana kuwa mbingu, na sijamwamini. Nataka kusimama chini ya ule mnara wa Paris na kuupa kisogo, waniulize bibi umekuja kutazama nini. Nimewapeleka watu huko miaka thelathini na zaidi. Zamu yangu.

Lakini kwanza nilikwenda Chamazi, kumuaga Fundi kwamba na mie nimestaafu. Siku hiyo kwenye uwanja wa mpira wa jirani kulikuwa na mechi, kelele za mashabiki zinapanda na kushuka, na yeye amekaa kibarazani kwa Zainabu, kofia ya mkono kichwani, uso ameuelekeza kwenye sauti. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono akauhisi kama bado una madoa ya rangi. Tukaongea habari za magoti. Halafu, bila mie kuligusa, akasema mwenyewe.

"Mtu aliyekufa hawezi kujitetea. Nimemwekea baba kesi miaka yote hii, hakimu ni mie, na sijawahi kwenda kukagua eneo la tukio. Sasa hata nikienda sioni. Nenda wewe kaniangalizie, Tausi. Ukikuta vibaya, niambie vilevile."

Nikamuuliza ana hakika. Akasema ana miaka sabini na tisa, atakutana na baba yake karibuni, na hapendi kwenda kumsalimia mtu huku akimshuku.

Mjue kwamba nilikuwa nimeshapeleleza. Mmoja wenu aliwahi kunitolea kwenye simu picha za ziwa, nyingi, na nyingi kati ya hizo jua liko majini, jekundu, kubwa, mfano wa lile la pazia. Nikaisogeza simu karibu. Nikasoma maandishi ya chini: machweo, machweo, machweo. Yule mama wa mawese alisema kweli. Kwa hiyo niliposema ndiyo pale kibarazani, nilijua ninachokwenda kukileta. Nilikwenda tu kwa sababu nimetumwa, na kwa sababu sijawahi kuiamini picha ambayo sikuona upande wake wa pili.

Nikapanda basi Mbezi alfajiri, nikalala Tabora, kesho yake nikaingia Kigoma miguu imevimba kama mihogo. Ujiji nilipata chumba kwa mjane mmoja, Mama Riziki, nyumba yake hatua chache kutoka ufukweni. Nilimwambia nimekuja kutazama asubuhi. Akauliza asubuhi ya lini. Nikasema yoyote. Akaniandalia chai, nadhani aliona ni busara kutoniudhi.

Asubuhi ya kwanza nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikasimama mchangani. Pakapambazuka. Jua likatokea nyuma yangu, juu ya mapaa, kama lilivyosemwa. Mbele yangu hapakuwa na kitu. Sisemi hapakuwa na cha maana. Nasema hapakuwa na kitu, maji ya kijivu yanakwenda yanaingia kwenye ukungu, ng'ambo yenyewe haipo. Nilichota maji kwa kiganja nikanywa. Matamu, hayana chumvi hata kidogo. Jioni nikaona taa za wavuvi wa dagaa zinatoka moja moja. Mawili kati ya matatu alisema kweli. Nilikaa palepale mchangani nikalia, kwa sababu hilo la tatu ndilo lililochorwa.

Zainabu akapiga simu. Nikasema sijaona vizuri bado. Haukuwa uongo.

Asubuhi ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Siku ya nne nilianza kufunga begi, Mama Riziki akaniuliza hasa natafuta nini, maana mgeni hatoki Dar kuja kutazama ukungu. Nikamweleza habari yote: hamali, pazia, foleni ya Idd, ule mdomo wangu. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Mwishowe akasema huu si ukungu, ni moshi wa mashamba na vumbi la kiangazi, na ng'ambo haionekani mwezi huu mpaka mvua ipige. Ikipiga mara moja tu, utaiona milima ya Kongo na mikunjo yake. Nikamuuliza milima? Akasema, mirefu, kwani hujui?

Sikujua. Kwenye pazia la Fundi ng'ambo ilikuwa mstari wa maji tu, kama bahari yetu.

Begi nikalifungua tena. Alasiri ya siku ileile mvua ikashuka kwa fujo, ikapiga bati mpaka hatusikilizani. Usiku ule sikulala sawasawa.

Asubuhi nilitoka nikiwa nimejitanda khanga mbili, kuna baridi. Nyuma yangu mbingu imeanza kupauka lakini vilima vimelizuia jua, nyumba zote bado zimo kivulini, taa ya msikiti inawaka. Mchanga siuoni rangi. Nikageuka ziwani. Ng'ambo, juu kabisa, mahali ambapo siku zote nne hapakuwa na kitu, kulikuwa na mstari mwekundu. Nikadhani wingu. Ukakua, ukawa mstari wenye meno, ukaanza kushuka. Vilikuwa vilele. Milima ya Kongo mizima ilikuwa inawaka kutoka juu kuja chini, kwa jua ambalo sie wa upande huu lilikuwa halijatufikia. Nilisimama katika utusitusi, na ng'ambo ya ziwa kunawaka.

Mama Riziki alikuwa ametoka na fagio. Nilimwonyesha kwa kidole. Akatazama kidogo tu, kama mtu anayeonyeshwa kuta za nyumba yake.

"Kwa wenzetu limeshafika," akasema. "Sie tunalingoja livuke vilima. Ndiyo asubuhi ya hapa, mama, unaiona kwa jirani kwanza."

Akaendelea kufagia. Mwanga ukamaliza kushuka milimani, ukaja juu ya maji, hata nikasikia joto kisogoni.

Mtu asiyelala pale hawezi kuyajua hayo. Hayamo kwenye kalenda. Msafiri aliyepita siku mbili kiangazi hayaoni. Hata yule mama wa mawese alisema sahihi kuhusu jua, ila hakuulizwa kuhusu milima. Anayeyajua ni aliyekuwa mtoto pale, akatolewa nje mapema kila siku kwenda kuchota maji.

Nilipiga simu palepale. Zainabu akapokea, nikamwambia aweke sauti kubwa ampe baba yake. Nikamsikia Fundi anakohoa. Nikamsalimia, akaitikia, akasema: "Sema tu, Tausi. Nimekaa."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza nyie. Maji matamu. Taa za dagaa. Vilima nyuma, milima mbele, vilele vinavyoshika moto wakati watu wa Ujiji bado wamo kivulini. Nikamwambia: baba yako hakusema jua linatoka ziwani, Fundi. Alikwambia ng'ambo kunawaka. Nimeona huko kunawaka, sasa hivi, kwa macho yangu.

 Nikamsikia anayarudia maneno ya baba yake polepole, moja moja.

"Hakutaja jua," akasema.

"Hakutaja."

"Jua nimeliweka mie. Nimezaliwa Dar, nikaambiwa ng'ambo ya maji kunawaka asubuhi, nikaweka jua." Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Mzee alisema kweli. Mie ndiye niliyekosea."

Sikuwahi kumsikia analisema neno hilo tangu niingie studio kwake na gauni jipya. Alilisema tena, nilikosea mie, na sauti ikapasuka katikati, sijui ni kilio au kicheko. Halafu nikamsikia anamwambia Zainabu amshike mkono amtoe nje barazani, na huko nje akaanza kumwita jirani kwa jina, kwa sauti ya juu, aache alichokuwa anafanya aje asikie, kwamba yeye Rajabu bin Hamisi, mtu wa Ujiji, amekosea.